Manjano Baada ya Dozi: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Viuavijasumu

Mtu akimeza dawa asubuhi na kutapika adhuhuri hahitaji tabibu wa kumtambulisha sababu. Lakini mtu aliyetumia viuavijasumu kwa ajili ya jipu la jino, akamaliza dozi, akapona, akatupa pakiti na kurejea katika shughuli zake, kisha wiki ya tatu au ya nne akaona mkojo umegeuka rangi, ngozi yamwasha usiku kucha, na weupe wa macho umeingia umanjano, huyo aghalabu hatalikumbuka jino wala dawa yake. Mwenyewe atadhani ni malaria, jirani atasema ni nyongo, na huenda hata mganga wa zahanati, asipouliza vema, akamwandikia dawa nyingine ya jamaa ileile iliyomdhuru. Kwa ajili ya mtu huyu, ambaye kesho aweza kuwa wewe msomaji au mzazi wako, nimeandika maelezo haya, na neno lake kubwa ni moja: madhara ya viuavijasumu katika ini ni nadra, lakini yana tabia ya kuchelewa, na kwa sababu huchelewa, kumbukumbu ya mgonjwa ndiyo ushahidi ambao tabibu hawezi kuupata mahali pengine popote.

Sitaki mtu yeyote asome ukurasa huu kisha akaikimbia dawa aliyoandikiwa kwa haki. Nimonia huua, homa ya matumbo huua, kifua kikuu huua, na mwenye maradhi hayo akiacha dawa kwa kulihofia ini lake atakuwa ameipokea hatari kubwa iliyo mbele ya macho yake kwa kuogopa ndogo iliyo baidi. Nchini Iceland, ambako watu ni wachache na daftari za dawa hutunzwa kwa uangalifu, matabibu waliwafuatilia wagonjwa wa miaka ya 2010 na 2011, wakakuta kwamba mchanganyiko wa amoksilini na asidi ya klavulaniki, ulioongoza dawa zote nchini humo kwa kudhuru ini, ulimdhuru takriban mtu mmoja katika kila watumiaji 2,350. Hesabu hiyo ni ndogo kwa mmezaji mmoja mmoja, wala haimpasi mtu kukosa usingizi. Walakini dawa yenyewe humezwa na mamilioni ya watu kila mwaka, na jambo la nadra likizidishwa kwa mamilioni hupata vitanda vyake katika wodi.

Ini hukaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, na karibu kila tunachomeza hupitia humo kabla ya kuenea mwilini. Hapo dawa huvunjwavunjwa, na mabaki yake yakatolewa kwa njia ya nyongo au yakapelekwa kwenye mafigo. Katika kazi hiyo ini laweza kuumia kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya kipimo: parasitamoli, mathalan, ikizidi kiasi humdhuru mtu yeyote, na kadiri inavyozidi ndivyo madhara yanavyozidi, ndiyo maana mtu mzima mwenye afya hukatazwa kupita gramu 4 kwa siku. Ya pili ndiyo inayotuhusu hapa: dawa imemezwa kwa kipimo kilekile kilichoandikwa, maelfu wameimeza pasipo adha, na mtu mmoja, kwa sababu iliyojificha katika urithi wake na katika namna kinga ya mwili wake inavyopambanua cha kwake na cha kigeni, akaumia. Wa namna hii hana hatia ya kuzidisha wala ya kupunguza, na si haki kumsuta.

Urithi huo umeanza kujulikana. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mwenye alama ya urithi iitwayo HLA-B*57:01 ana hatari ya kuumizwa ini na flukloksasilini inayozidi ya mwingine kwa takriban mara 80. Na hata hivyo, katika kila watu 500 hadi 1,000 wenye alama hiyo watumiao dawa hiyo, aumiaye ni mmoja tu, kwa hiyo kuwapima watu wote kabla ya kuwapa dawa hakujaonekana kuwa na faida. Alama yenyewe si ya Wazungu peke yao, kama wengine wadhanivyo: katika vipimo vilivyofanywa kwa watu wa Kenya ilionekana kwa Wamaasai takriban 13 au 14 katika kila 100, kwa Waluhya takriban 3, na kwa Wayoruba wa Nigeria waliopimwa haikuonekana kabisa, jambo linalopasa kumnyamazisha kila anayezungumza juu ya mwili wa Mwafrika kana kwamba ni mwili mmoja.

Sasa tuzitaje dawa zenyewe, na tuanze na iliyo mashuhuri kuliko zote kwa shtaka hili katika Ulaya na Marekani, nayo ni huo mchanganyiko wa amoksilini na klavulaniki, ulioingia sokoni Uingereza mwaka 1981 kwa jina la Augmentin, na ambao leo huuzwa kwa majina mengi, baadhi yake yasiyofanana hata kwa herufi moja. Anayeshukiwa zaidi katika mchanganyiko huo si amoksilini. Amoksilini peke yake, ile ya vidonge vya rangi mbili ijulikanayo hata na watoto, hulidhuru ini kwa nadra iliyo kubwa zaidi. Klavulaniki ndiyo huongeza hatari. Basi usitosheke kujua kwamba umepewa amoksilini. Geuza pakiti usome kama kuna jina la pili. Ukiona imeandikwa 625, elewa kwamba hizo ni miligramu 500 za amoksilini na 125 za klavulaniki, na kwamba umepewa mchanganyiko, hata kama muuzaji hakukutamkia. Dalili zake huanza aghalabu wiki ya tatu tangu kidonge cha kwanza, lakini zaweza kuanza baada ya siku chache tu, au zikangoja mpaka wiki ya nane, wakati dozi yenyewe ilikuwa ya siku saba. Huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa, wanaume kuliko wanawake, na waliokaa na dawa muda mrefu au kuirudia mara nyingi. Watoto huwapata mara chache sana. Tena mara nyingi dhara lake ni la kuziba mwendo wa nyongo ndani ya ini, si la kuziua chembe za ini kwa wingi, na kwa hiyo mgonjwa huteswa na mwasho na umanjano kwa muda, kisha akapona.

Flukloksasilini, wapewayo wenye majipu na vidonda vilivyotunga usaha, ina tabia inayofanana na hiyo, nayo yaweza kungoja hata miezi miwili baada ya kuachwa. Hatari yake huongezeka kwa waliopita umri wa miaka 55 na kwa walioitumia zaidi ya siku 14. Eritromisini na azithromisini hazikawii kiasi hicho, na madhara ya siprofloksasini na levofloksasini huweza kuanza ndani ya siku chache. Septrin, ambayo kwetu humezwa kila siku na wengi waishio na virusi vya UKIMWI ili kujikinga na maradhi mengine, ikilidhuru ini huja pamoja na vipele, homa, na pengine uvimbe wa uso au wa tezi, katika wiki za mwanzo. Mwenye dalili hizo asingoje macho yageuke rangi. Nitrofurantoini ni kisa cha peke yake: mwanamke asumbuliwaye na maradhi ya njia ya mkojo yasiyokwisha hupewa kidonge kimoja cha usiku kwa miezi, pengine kwa miaka, na ini likaharibika polepole, kimyakimya, kwa namna inayofanana na ini linaloshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Anayetumia dawa hiyo kwa muda mrefu na aombe kupimwa damu mara kwa mara, asingoje kuambiwa. Na ijapokuwa ketokonazoli si kiuavijasumu bali ni dawa ya fangasi, nitaitaja kwa kuwa watu huinunua kiholela kwa ajili ya mba na mapunye: vidonge vyake vya kumeza, si krimu wala sabuni, vilionekana kuwa hatari kwa ini kiasi kwamba mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walishauri vizuiliwe kutumika kwa fangasi.

Lakini kwa watu wa Afrika ya Mashariki dawa inayostahili kuangaliwa zaidi katika jambo hili haiuzwi dukani. Hutolewa bure katika kliniki za kifua kikuu. Dawa tatu kati ya nne za mwanzo wa matibabu hayo, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zote zaweza kuliumiza ini, na isoniazidi peke yake hupewa pia watu wasio na kifua kikuu ili kuwakinga, hasa waishio na virusi vya UKIMWI. Isoniazidi ilianza kutumika mwaka 1952. Mwaka 1970 wafanyakazi 2,321 wa majengo ya Bunge la Marekani mjini Washington walipewa dawa hiyo ya kinga, wakitazamiwa kuimeza kwa miezi mingi. 19 wakapatwa na maradhi ya ini, na 2 wakafa. Habari hiyo ndiyo iliyowafanya matabibu waache kuitoa kana kwamba ni peremende, wakaanza kumwuliza kila mgonjwa, kila mwezi, kama ana dalili. Ikiwa kliniki yako hukupa vidonge vya mwezi mzima bila kukuuliza swali hata moja, wewe jiulize mwenyewe, kisha uwaambie.

Hapa pana mambo mawili ambayo mgonjwa wa kifua kikuu lazima ayapambanue, la sivyo atahangaika bure au atatulia pasipostahili. La kwanza ni kwamba katika kila watu 100 wanaomeza isoniazidi, 10 hadi 20 hupandisha kidogo vipimo vya ini katika miezi ya mwanzo, hawaoni dalili yoyote, na vipimo hushuka vyenyewe huku dawa ikiendelea; huko si kuumia kwa kutisha. La pili ni rangi. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa na wekundu wa machungwa tangu siku za kwanza, na jambo hilo halina dhara lolote. Lakini haigeuzi weupe wa macho kuwa wa manjano. Kwa hiyo mkojo mwekundu wa siku ya pili, macho yakiwa meupe na hamu ya chakula ipo, ni rifampisini. Mkojo uliozidi kuwa mzito wa rangi wiki ya tano, pamoja na kichefuchefu na chakula kukataa kupita, ni ini. Walio katika hatari zaidi ni watu wazima waliopita miaka 35, wanywaji wa pombe, wenye homa ya ini aina ya B au C, waliodhoofika kwa njaa, na akina mama wajawazito au waliojifungua karibuni.

Basi kabla ya kumeza, jiulize kama dawa yahitajika hasa. Mafua, na sehemu kubwa ya makoo yenye kuwasha na vikohozi vya siku tatu, huletwa na virusi, na viuavijasumu haviwezi kuviua virusi hata ukivimeza pakiti kumi. Anayeumizwa ini na dawa aliyoinunua kwa ajili ya mafua ameumizwa bila kupata chochote badala yake, na hilo ndilo jambo linalonisikitisha kuliko yote katika habari hii nzima. Desturi ya kwenda duka la dawa na kuomba vidonge vinne vya hiki na vitatu vya kile, kwa kadiri ya fedha iliyopo mfukoni, ni mbaya kwa sababu nyingi zilizokwisha kusemwa na wengine. Mimi naongeza moja tu, kwamba vidonge vilivyokatwa pembeni mwa karatasi na kutiwa katika bahasha havina jina, na dawa isiyo na jina haiwezi kushukiwa baadaye.

Ukiwa mbele ya tabibu, mwambie mambo ambayo pengine hatakuuliza: kwamba uliwahi kupata manjano, na baada ya dawa ipi, kwamba una homa ya ini aina ya B, au hujapimwa, kwa maana katika nchi zetu wako wengi wanaoishi na virusi hivyo bila kujua, kwamba unakunywa pombe, na kiasi gani, bila haya, kwamba unatumia dawa za kifafa, za kisukari, za virusi vya UKIMWI, au dawa za miti shamba. Hizi za mwisho watu huzificha kwa kuona aibu mbele ya joho jeupe, au kwa kudhani kwamba kitokacho porini hakiwezi kudhuru, ilhali iko mimea inayoliumiza ini vikali. Na tabibu asiyejua kwamba ulikunywa mchemsho wa mizizi kwa wiki mbili ataitwisha dawa ya hospitali lawama isiyoistahili, au kinyume chake. Kisha muulize maswali mawili: je, siku chache zaidi zatosha? na je, iko dawa nyingine isiyo na klavulaniki itakayofaa kwa maradhi haya? Tabibu mwema hatachukizwa; huenda akakujibu kwamba haipo, na hapo utaimeza kwa moyo mkunjufu.

Siku ya kwanza ya dozi, piga picha ya pakiti kwa simu yako, pande zote, na uandike tarehe. Siku ya mwisho, andika tena. Picha hiyo usiifute mpaka ipite miezi mitatu. Katika siku hizo za dawa usirundike parasitamoli juu ya parasitamoli, maana dawa nyingi za mafua zinazouzwa kwa majina mbalimbali zina parasitamoli ndani yake, na mwenye kumeza mbili za namna hiyo pamoja na vidonge vya kawaida hufika kipimo cha hatari bila kukusudia. Pombe iache.

Dalili za ini kuumia hazianzi kwa manjano. Huanza kwa uchovu usio na sababu, kichefuchefu, kuchukia chakula, hasa chenye mafuta, uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia, na pengine homa ndogo. Mwasho wa ngozi usio na vipele, unaozidi usiku, katika viganja na nyayo kabla ya kwingine, ni dalili ya nyongo kukosa njia. Halafu mkojo hufanana na chai ya mkandaa hata kama umekunywa maji ya kutosha, na choo kikapauka kama udongo mweupe. Umanjano wa macho huja baada ya hayo, na katika kuutafuta ipo hadhari moja inayowahusu watu weusi: wengi wetu tuna kivuli cha kahawia au cha umanjano katika macho tangu ujana, hasa pembeni panapopigwa na jua, na kivuli hicho si maradhi. Manjano ya ini hutanda sawasawa, mpaka mahali palipofunikwa na kope, na huonekana pia chini ya ulimi. Tazama mchana, dirishani, kwa mwanga wa jua, si kwa taa ya umeme, na umwite mtu anayekuona kila siku atazame pamoja nawe, kwa kuwa yeye huikumbuka rangi ya macho yako kuliko wewe.

Ukiyaona manjano, au mkojo wa rangi hiyo pamoja na kichefuchefu, au kutapika kusikokoma, usimeze kidonge kingine cha dawa unayoishuku, na uende hospitali siku ileile. Usingoje Jumatatu, wala usianze dawa ya kusafisha nyongo uliyosifiwa na shangazi. Mgonjwa wa kifua kikuu naye asimeze dozi ya siku hiyo, lakini aende kliniki yake papo hapo, kwa sababu dawa za kifua kikuu hazina ruhusa ya kuachwa kimyakimya: akiziacha mwenyewe akakaa nyumbani, maradhi yatarudi yakiwa sugu. Kliniki hupima damu, na kwa kawaida husimamisha dawa ikiwa kipimo kiitwacho ALT kimepita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida na mgonjwa ana dalili, au mara tano hata akiwa hana dalili. Kisha, ini likitulia, huzirudisha dawa moja baada ya moja kwa uangalizi, mpaka ijulikane ipi ndiyo mkosaji. Mwenye uchovu na kichefuchefu kidogo tu, macho yakiwa meupe, asiache dawa kwa rai yake, bali aombe kupimwa upesi.

Huko hospitali, toa picha ya pakiti na tarehe zako kabla hujaulizwa. Damu itapimwa ALT na AST, ambavyo hupanda chembe za ini zinapovunjika. ALP, ambayo hupanda nyongo inapozuiliwa. Bilirubini, ambayo ndiyo yenye rangi ya manjano. Na muda wa damu kuganda, kipimo kinachosahauliwa mara nyingi ilhali ndicho kinachoonyesha kama ini bado lina nguvu ya kufanya kazi yake. Tazamia kwamba tabibu hataihukumu dawa kabla ya kuwaondoa washukiwa wengine, na ni sawa afanye hivyo: atapima malaria, homa ya ini aina ya A, B, C, na ikiwezekana E, atatazama kwa picha ya mawimbi ya sauti kama kuna kijiwe kilichoziba mrija wa nyongo, na kwa kijana mwenye selimundu atakumbuka kwamba ugonjwa huo nao huweza kuleta manjano. Hakuna kipimo hata kimoja cha damu kinachosema kwa yakini kwamba dawa fulani ndiyo iliyofanya. Hukumu hutoka kwa kulinganisha tarehe, kuwaondoa washukiwa wengine, na kuona kama ini linapona dawa ikisimama.

Usirudishwe nyumbani kirahisi ikiwa manjano yameandamana na ALT iliyopanda sana. Hyman Zimmerman, tabibu wa Marekani aliyetumia maisha yake katika kuyasoma madhara ya dawa kwa ini, alionya kwamba katika wagonjwa wa namna hiyo, ambao chembe za ini zimevunjika mpaka rangi ikaonekana, takriban mmoja katika kumi hufa, au katika nchi zenye uwezo huo hubadilishiwa ini. Na onyo lake hutumika mpaka leo katika kupima usalama wa dawa mpya. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kusinzia mchana na kukesha usiku, kutetemeka mikono, kutokwa damu puani au kwenye ufizi, au tumbo likavimba, huyo apelekwe hospitali kubwa usiku uleule, kwa gari lolote litakalopatikana.

Walio wengi, namshukuru Mola, hawafiki huko. Dawa ikisimama, hamu ya chakula hurudi kwanza, mkojo ukatakata, na macho yakawa ya mwisho kusafika. Kwa aliyeumizwa na mchanganyiko wa klavulaniki hayo huchukua aghalabu mwezi mmoja au miwili, na wachache huendelea kuwashwa kwa muda mrefu zaidi. Hakuna dawa maalumu ya kulitibu ini katika hali hii, isipokuwa katika visa fulani, kama cha nitrofurantoini, ambapo tabibu huweza kutoa dawa za kutuliza kinga ya mwili. Kwa hiyo usiuziwe chupa za kusafisha ini. Kula chakula cha kawaida kadiri unavyoweza. Kukatazwa nyama, mayai na mafuta yote, kama wafanyavyo baadhi ya watu, humdhoofisha mgonjwa ambaye ini lake lahitaji nguvu ya kujijenga upya.

Ila iliyo kubwa kuliko zote baada ya kupona ni kurudia. Dawa iliyokuumiza ini mara moja, ukiimeza tena, yaweza kurudi kwa kasi na kwa ukali zaidi, mara hii isingoje wiki tatu. Kwa hiyo usiimeze tena, isipokuwa zile dawa za kifua kikuu zinazorudishwa kwa uangalizi wa hospitali, na ambazo hazina badala nyepesi. Andika katika kadi ndogo jina la kitaalamu la dawa hiyo, si la biashara peke yake, pamoja na mwaka na tukio, uiweke pamoja na kitambulisho chako, na uionyeshe kwa kila mtu atakayekuandikia dawa, akiwemo daktari wa meno, ambaye watu wengi humwona kana kwamba hahusiki na mwili uliosalia. Kama ni mchanganyiko wa amoksilini na klavulaniki uliokudhuru, muulize tabibu kama amoksilini peke yake yafaa kwako siku zijazo. Jibu lategemea namna ulivyoumia, nalo si la kukisiwa dukani.

Limebaki jambo la kutoa taarifa, ambalo wagonjwa wetu hawalizoei, wala, niseme ukweli, wahudumu wetu wengi. Dawa hupimwa kwa maelfu ya watu kabla ya kuruhusiwa, na dhara linalompata mtu mmoja katika makumi ya maelfu haliwezi kuonekana humo. Trovafloksasini, ambayo nayo ni kiuavijasumu, iliruhusiwa Marekani mwezi wa Desemba 1997, ikiwa imekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wengi. Kufikia katikati ya mwaka 1999 taarifa za matabibu zilikuwa zimeonyesha visa 14 vya ini kushindwa kabisa kazi, Ulaya ikaiondoa sokoni, na Marekani ikaibana itumike kwa wagonjwa mahututi tu. Telithromisini, kiuavijasumu kingine, ilifuata njia iyo hiyo: iliruhusiwa Marekani mwaka 2004, wagonjwa watatu wa mji wa Charlotte wakaandikwa katika jarida la kitabibu mwaka 2006, na mwaka 2007 sehemu kubwa ya matumizi yake ikafutwa. Wagonjwa watatu tu, walioandikwa vizuri, waliwafumbua macho wasimamizi wa nchi nzima.

Kwetu pia milango iko: Tanzania Bara ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, na Uganda ni Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na taarifa zao hukusanywa pamoja na za nchi nyingine katika hazina ya dunia iliyoko Uppsala, Sweden. Mwombe mfamasia au muuguzi aliyekuhudumia akujazie fomu, nawe umpe jina la dawa, nambari ya toleo iliyopigwa chapa kwenye pakiti, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, tarehe ya dalili ya kwanza, na dawa nyingine zote ulizotumia mwezi huo, zikiwemo za miti shamba. Huhitaji kuwa na yakini. Fomu hizo ni za dhara linaloshukiwa, na mhudumu akikwambia kwamba hawezi kuandika mpaka ithibitike, mweleze kwa adabu kwamba sivyo.